Udongo hai niliouziwa, na mkono wangu uliosingiziwa

Kabla sijasema lolote kuhusu udongo wenyewe, naomba nianze na maneno, kwa sababu maneno ndiyo yaliyonifanya niandike. Nilirudi kwa kijana anayeuza magunia ya "udongo hai", yaani udongo wenye mboji, hapa Goma nikiwa nimeshika miche miwili ya nyanya iliyoungua, nikamsalimu vizuri, naye bila kuinua macho kutoka kwenye simu akanijibu: "Mama, udongo hauna kosa. Kosa ni mkono wako." Mkono wangu! Mkono huu umeotesha lengalenga na vitunguu ndani ya mabidoni yaliyokatwa tangu watoto wangu wakiwa wadogo, kwa kuwa kiwanja chetu kimekaa juu ya lava ya mwaka 2002, ile iliyoshuka kutoka volkano ya Nyiragongo ikapita katikati ya mji hadi ziwani, na jembe ukilipiga pale linakurudishia cheche.

Aliniuzia magunia matatu, akaniapia kwamba mboji imekwisha kuiva na kwamba ningeweza kupanda siku hiyo hiyo. Nikapanda. Hazikupita wiki mbili, majani ya chini ya nyanya yakawa ya njano, kingo za yale ya juu zikakauka kana kwamba zimepitishwa motoni, na lengalenga, mboga ambayo kwetu huota hata pasipotakiwa, ikadumaa kwa urefu wa kidole. Ndipo nikafungua gunia lililobaki na kuingiza mkono hadi kwenye kiwiko: ndani kulikuwa na joto kama la chungu kilichoepuliwa punde, harufu kali kama ya mkojo ikanipanda puani, na nilipofumbua kiganja nikaona samadi ya kuku yenye manyoya pamoja na unga wa mbao ambao haukuwa umeanza hata kubadilika rangi.

Anayeuza udongo hawezi kuniambia kwamba hayo hayajui. Samadi mbichi ya kuku hutoa amonia inayounguza mizizi, na unga wa mbao usiooza huwafanya vijidudu vya udongo vijichukulie naitrojeni, chakula kikuu cha majani, ili viuozeshe, mmea ukabaki na njaa huku umezungukwa na chakula. Udongo ule ulikuwa hai kweli, sikatai. Ila ulikuwa bado unajipika.

Hapa nalazimika kukiri jambo linaloniudhi. Nilimwaga kila kitu juu ya turubai, nikakifunika kisinyeshewe, nikakigeuza kila baada ya siku chache na kukilowesha kidogo, kwa muda wa kama mwezi na nusu, mpaka joto likaisha na harufu ikawa ile ya msituni baada ya mvua. Jirani alinishauri nitie majivu. Nilikataa, kwa kuwa majivu juu ya samadi mbichi huifukuza naitrojeni hewani. Kisha nikachanganya ndoo mbili za udongo huo na ndoo moja ya changarawe ya lava, ambayo vitundu vyake hushika maji na bado huacha hewa ipite, nikaongeza nyungunyungu wachache niliowachimbua chini ya mgomba. Lengalenga nimeikata mara tatu sasa, na bado inachipua majani mapana kuliko kiganja changu. Sijawahi kuwa na udongo mzuri kama huu.

Kwa hiyo nashindwa kusema kwamba bidhaa ni mbaya. Ni bidhaa nzuri iliyouzwa na mwongo. Au labda si mwongo, labda naye aliuziwa samadi akaambiwa imeiva. Hapana: siku ile nilipokuwa nimesimama mbele yake na miche yangu, nyuma ya kiti chake kulikuwa na gunia linafuka mvuke. Nitanunua tena, maana udongo wa kubebwa kutoka mbali kwa chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, unanigharimu zaidi, lakini fedha haitatoka kabla mkono wangu, huo huo wenye kosa, haujaingia ndani ya gunia.