Utendi au Utenzi: Tuandike Lipi?

Hapa Nairobi, walimu na wahariri wa Kiswahili hawaachi kuulizana kama utungo mrefu wa kishairi uitwe utendi au utenzi.

Kwa asili, maneno yote mawili yanahusishwa na kitenzi tenda. Utendi ndiyo sura ya Kiamu, lahaja ya Lamu, na lahaja nyingine za kaskazini, na kwa hiyo ndilo jina linalostahili kazi za Pate na Lamu, kama vile Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858. Kulibadilisha ni kuifuta sauti ya mtunzi, jambo ambalo mimi silikubali. Utenzi umefuata mkondo wa linda na ulinzi, na Shaaban Robert aliutumia katika Utenzi wa Vita vya Uhuru.

Kwa uwazi wa maana, hali inageuka. Katika shule zetu, utendi hufundishwa pia kama utanzu wa fasihi simulizi unaosimulia mashujaa kama Fumo Liyongo, ilhali utenzi ni bahari, yaani aina, ya ushairi yenye beti nyingi na mishororo mifupi. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani atahitaji tofauti hiyo. Hata hivyo, wingi wa utenzi, yaani tenzi, huwakumbusha wengi nyimbo za kanisani.

Kisarufi hakuna mshindi, kwani yote ni ya ngeli ya U-ZI. Anayehariri miswada ya kale ashike utendi. Anayetunga leo kwa Kiswahili sanifu atatulia zaidi na utenzi.