Uzoefu wangu na zana za uchunguzi zilizomo ndani ya JDK

Kikundi chetu cha Wete, Pemba, kinatengeneza programu ya Java ya kituo cha kupokelea karafuu, na mizani, malipo ya mkulima na ripoti kila kimoja kina moduli yake. Mfumo wa moduli uliokuja na Java 9 mwezi Septemba 2017 umeturahisishia mgawanyo huo, lakini umezaa aina ya hitilafu inayochosha: msimbo unakompailika bila lalamiko, programu yenyewe inaendeshwa vizuri, kisha majaribio ya JUnit (maktaba ya kujaribia msimbo) chini ya Maven (zana ya kujengea mradi na kuleta maktaba zake) yanaanguka kwa madai kwamba klasi fulani haionekani. Tathmini hii inahusu zana zinazokuja pamoja na JDK, yaani kifurushi cha kutengenezea programu za Java, ambazo ni za bure na hazihitaji intaneti, jambo ambalo mtu anayenunua bando kila wiki hatalidharau.

Niliyoitegemea zaidi ni `-Xlog:class+load`, inayoandika kila klasi inayopakiwa pamoja na faili ya jar (faili inayofungasha klasi pamoja) ilikotoka. Chini ya Surefire, yaani programu-jalizi ya Maven inayoendesha majaribio, inafaa kuielekeza kwenye faili kwa kuandika `-Xlog:class+load:file=klasi.log` ndani ya `argLine`, sehemu ya mipangilio yake ya vigezo vya Java, kwa sababu Surefire huwasiliana na mashine ya Java ambayo yenyewe huianzisha kupitia mkondo uleule wa matokeo, na maandishi ya ziada huweza kuvuruga mawasiliano hayo. Faili inayotoka ina maelfu ya mistari, nyingi zikiwa klasi za Java yenyewe, kwa hiyo bila `grep`, amri ya kuchuja mistari, haisomeki. Hata hivyo, humo ndimo nilimoona kwamba klasi za maktaba yetu ya ripoti zilikuwa zikipakiwa kutoka toleo la zamani, ambalo halikuwa na klasi iliyotakiwa. Amri ya `mvn dependency:tree` ilikamilisha uchunguzi: toleo hilo lililetwa na maktaba nyingine, na Maven, matoleo yanapogongana, huchagua lililo karibu zaidi na mradi, si lililo jipya zaidi.

Jina la kosa lenyewe lisomwe kwa makini. `ClassNotFoundException` hutokea pale msimbo unapoiomba klasi kwa jina lake wakati wa kuendeshwa, na klasi hiyo isipatikane. `NoClassDefFoundError` huashiria klasi iliyokuwapo wakati wa kukompaili na sasa haipo, au klasi iliyopo ambayo maandalizi yake ya mwanzo yalishindwa. Katika hali hii ya pili, chanzo hupatikana juu zaidi katika kumbukumbu ya matukio (log), kwenye `ExceptionInInitializerError`, na kuongeza faili za jar hakusaidii chochote.

Kwa upande wa moduli zenyewe, `--show-module-resolution` huonyesha ni moduli ipi imeita ipi, na `--validate-modules` hukagua njia ya moduli, yaani mahali Java inapotafuta moduli, na kutaja migongano, kwa mfano kifurushi kimoja kinapokuwa ndani ya moduli mbili. Kwa maoni yangu, zote mbili hazitajwi inavyostahili.

Ushauri unaopendwa sana ni kuweka `useModulePath` kuwa `false` katika Surefire, ili majaribio yarudi kwenye njia ya klasi (classpath) ya zamani, isiyozingatia moduli. Sikubaliani nao isipokuwa kwa dharura. Makosa yanatoweka kweli, lakini kinachojaribiwa si kile atakachopelekewa mteja: moduli yenye `module-info`, faili inayoitangaza, huhesabu huduma zilizotangazwa humo kwa `provides` tu, ilhali kwenye njia ya klasi zinasomwa zile za `META-INF/services`. Jaribio la moduli yetu ya malipo lilipita kwa njia hiyo, huku programu kamili ikishindwa kuipata huduma ileile.

Zana niliyoipa alama ndogo zaidi ni `jdeps`. Inachora vizuri utegemezi uliomo ndani ya faili za klasi, lakini haioni klasi inayoitwa kwa jina wakati wa kuendeshwa, na JUnit, ikiwa na desturi ya kuzifikia klasi za majaribio kwa namna hiyo, huiacha `jdeps` kimya pale hasa inapohitajika. Kwa kosa la `InaccessibleObjectException`, ujumbe wake wenyewe unatosha, kwani hutaja kifurushi kilichofungwa na moduli inayotaka kufunguliwa kifurushi hicho. Kinachobaki ni kuandika `opens` au kutumia `--add-opens` katika majaribio peke yake.