Bima ya nyumba na vyombo Mombasa: ipi ununue kwanza, na ada inatoka wapi

Mvua ya Aprili ilipoingia kwa shangazi yangu, mtaa wa Tudor, ilianza kwa doa la manjano kwenye dari ya chumba cha kulala, ukubwa wa sinia. Usiku wa manane upepo uling'oa mabati matatu. Alfajiri ubao wa jipsamu ulikuwa umejaa maji na kupinda kama tumbo, kisha ukashuka wote juu ya godoro na cherehani. Mabati, dari, nyaya za umeme na rangi vilimgharimu shilingi 400,000. Bima alikuwa nayo, na ada alikuwa ameilipa kwa wakati. Kampuni ilimhesabia 200,000, kisha ikakata sehemu ambayo mkataba ulisema ataibeba mwenyewe.

Hakudhulumiwa, na hilo ndilo lililoniuma. Nyumba yake ingehitaji kama milioni 7 kuijenga upya, lakini kwenye fomu iliandikwa milioni 3.5, kwa sababu aliyemuuzia bima alimwambia hivyo ada itakuwa nafuu. Ukikatia bima nusu ya thamani, kila hasara hulipwa nusu, hata ikiwa ndogo kuliko kiasi ulichokatia. Alikuwa ameokoa kama shilingi 7,000 kwa mwaka.

Kwa hiyo kabla hujauliza kampuni gani ina bei nzuri, tengeneza kwanza ile namba utakayoiandika kwenye fomu.

Namba ya jengo ni gharama ya kulijenga upya, pamoja na kubomoa mabaki, kuondoa kifusi na kumlipa msanifu. Bei ya soko haihusiki. Kiwanja cha Nyali kinaweza kuwa ghali kuliko nyumba iliyo juu yake, lakini ardhi haiungui, basi usiilipie. Chukua eneo la nyumba kwa mita za mraba, lizidishe kwa gharama ya ujenzi wa leo utakayopewa na mkadiriaji majenzi au kontrakta anayejenga Mombasa sasa hivi. Nyumba ya mita 120, tuseme kila mita ni 50,000, ni milioni 6. Rudia hesabu hiyo kila mwaka kabla ya kuhuisha mkataba, maana saruji na mabati havikai bei moja.

Namba ya vyombo hutoka kwa kuzunguka chumba hadi chumba na daftari. Watu hukumbuka friji, televisheni na sofa, wakasahau mapazia, sahani za wageni, nguo za kabati zima, pampu ya maji. Piga picha kila kitu, na picha ya karibu ya kibandiko chenye namba ya friji na ya televisheni. Ukishaibiwa, picha hizo ndizo ushahidi wako. Dhahabu na vito vya harusi vitaje kimojakimoja pamoja na bei, kwa sababu mikataba mingi huweka kikomo kwa kitu kimoja kisichotajwa.

Sasa ada. Kwa nyumba ya mawe na bati au vigae, jengo hutozwa karibu asilimia 0.2 ya thamani kwa mwaka, vyombo karibu asilimia 1, na vitu vya kutembea navyo, kama simu na kompyuta ya mkononi, karibu asilimia 5 au zaidi, kwa sababu hupotea kwa urahisi. Viwango hupanda na kushuka kati ya kampuni na kampuni. Tuchukue jengo la milioni 6: 12,000. Vyombo vya 800,000: 8,000. Simu na kompyuta za 150,000: 7,500. Jumla 27,500. Juu yake kuna tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, ya mfuko wa fidia kwa wenye bima ya asilimia 0.25, na stempu ya shilingi 40. Unatoka na kama 27,664. Anayekuletea bei bila kukuonyesha mistari hii, mwambie arudi nayo.

Paa la makuti hupandisha ada sana, na kampuni nyingine hulikataa kabisa. Linalosaidia kuishusha ni vyuma vya madirisha, kufuli imara, mlinzi, kengele ya wizi, na kukubali kubeba sehemu kubwa zaidi ya hasara mwenyewe. Hilo la mwisho likubali tu kama kiasi hicho unacho mfukoni leo.

Nikipanga aina zenyewe, hivi ndivyo ningenunua.

Ya kwanza, kwa mwenye nyumba anayekaa ndani yake, ni bima kamili ya makazi: jengo, vyombo, vitu vya kutembea navyo, wafanyakazi wa nyumbani, na dhima kwa watu wengine, yaani fidia utakayodaiwa ukimdhuru mtu au mali yake, yote kwenye mkataba mmoja. Watu huikata vipande ili kupunguza pesa, na kipande wanachokitupa kwanza ni cha wafanyakazi. Usikitupe. Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini ya mwaka 2007 inamgusa dada anayekusaidia jikoni na mlinzi wa getini kama inavyomgusa mfanyakazi wa kiwandani. Akiungua na mafuta ya moto, matibabu na fidia yake ni juu yako, na ada ya kipande hicho ni ndogo mno ukilinganisha na vingine.

Anayetaka kukaa mbali na riba aangalie takaful, bima inayofuata misingi ya Kiislamu, ambayo Kenya ilianza mwaka 2011. Wanachama huchangia mfuko wa kusaidiana, na ziada ikibaki inaweza kurudi kwao. Hesabu ya thamani ni ileile, na kuandika pungufu kuna adhabu ileile.

Ya pili ni bima ya vyombo peke yake, kwa mpangaji na kwa mwenye fleti. Wenye fleti waulize kwanza shirika la wenye nyumba wa jengo lao: sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa fleti inalitaka shirika hilo likatie jengo bima. Omba nakala uisome, usije ukalipia kuta mara mbili huku sofa yako haina mtetezi.

Ya tatu ni bima ya moto na majanga kwa jengo la kupangisha. Iongezee kodi ya miezi ambayo nyumba haitakalika, maana wapangaji wakihama kwa sababu ya moto, mkopo wako hauhami nao.

Ya mwisho ni ile ya jengo pekee inayokuja na mkopo wa benki. Inailinda benki kwanza. Godoro lako halimo, na wakati mwingine namba iliyoandikwa ni ya deni, si ya kujenga upya.

Walio na nyumba bila ardhi, mtindo wetu wa Majengo na mitaa mingine ya kale ambako nyumba ni yako na kiwanja ni cha mwingine, wasikate tamaa. Kinachokatiwa bima ni jengo. Beba hati ya mauziano ya nyumba na risiti za kodi ya ardhi, na useme wazi tangu mwanzo. Kuficha ndiko kutakakoua dai lako baadaye. Na kwa nyumba za Mji wa Kale, zenye kuta za mawe ya matumbawe na dari za boriti, mtafute fundi anayezijua akupe makadirio, kwa sababu kuzirudisha zilivyokuwa kunagharimu zaidi ya tofali za kawaida.

Kuna vifungu vinne vya kusoma kwa kidole.

Wizi: mikataba mingi inataka alama za kuvunja. Sisi hulala madirisha wazi kwa ajili ya joto, na mwizi wa hapa huingiza fimbo yenye ndoano kati ya vyuma, akavuta simu na suruali. Uliza kwa maandishi kama hilo linalipwa.

Nyumba tupu: ukisafiri zaidi ya siku 30 mfululizo, kinga ya wizi mara nyingi husimama. Wenye nyumba Nyali au Bamburi wanaoishi ng'ambo, hiki ni chenu hasa.

Kutu: chumvi ya bahari hula misumari ya paa kimyakimya, na bima hailipi uchakavu. Mkaguzi alipopanda kwa shangazi, kitu cha kwanza alichoshika ni vichwa vya misumari, akavisugua kwa kidole gumba. Bahati nzuri vilikuwa vimebadilishwa mwaka uliotangulia na risiti ya fundi ilikuwepo. La sivyo hata ile nusu ingekuwa na mjadala.

Ghasia za kisiasa na ugaidi: kwa kawaida ziko nje mpaka uziombe na kuzilipia.

Kabla ya kulipa, hakikisha kampuni na wakala wamo kwenye orodha ya waliopewa leseni mwaka huu na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Huko ndiko pia malalamiko hupelekwa. Sheria ya bima, sura ya 487, haitambui bima ya "nitalipa mwisho wa mwezi": kinga huanza ada ikishalipwa. Lipa kwa akaunti ya kampuni, si kwa simu ya wakala.

Na bima ikatwe kabla ya masika. Machi mawingu yakishakaa juu ya Likoni, mkaguzi atakayekuja kuangalia paa ataandika kila doa atakaloliona darini, na madoa hayo yatatajwa kwenye mkataba kama yasiyolipwa. Shangazi alihuisha wake Januari, kwa milioni 7, akapiga picha ya dari mpya ikiwa nyeupe pe.