Cheti cha ndoa au "tumeishi miaka miwili"?

Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua vyote viwili, ila si kwa uzito mmoja. Cheti kinadai taarifa ya siku 21 na ada. Mkikosana, unakitoa mkobani tu. Kuishi pamoja hakugharimu kitu mwanzoni. Gharama huja mahakamani: kifungu cha 160 kinatoa dhana ya ndoa, yaani mnachukuliwa kuwa mume na mke hata bila cheti, nayo hupingika, hivyo utasaka majirani, mjumbe, hata risiti za mabati mliyoezekea pamoja. Inauma, na mara nyingi anayeumia ni mwanamke. Kwa matunzo ya watoto tofauti ni ndogo. Haki yao haitegemei cheti.

Mnaanza kujenga? Andikisheni ndoa kwanza. Umeshaachwa bila cheti? Dhana hiyo ndiyo ngao yako, anza kukusanya mashahidi leo.