Kilishio cha juu ya mzinga: uzoefu wangu baada ya majira 2 ya baridi

Sikutaka kuandika mapema. Ubora wa chombo cha kulishia nyuki haujulikani mpaka baridi ipite, ufungue mzinga na kuwakuta wazima. Nimekitumia kilishio hiki majira 2 ya baridi kwenye mizinga 4 ya Langstroth (masanduku yenye fremu za masega zinazotolewa) ya fremu 10, na sasa naona nina la kusema.

Ni beseni la plastiki lenye urefu na upana sawa na sanduku la mzinga. Unaliweka juu ya chumba cha majana, yaani mabuu ya nyuki, kisha unalifunika kwa kifuniko cha mzinga. Katikati pana mwanya mrefu ambao nyuki hupandia kutoka chini, na juu yake kuna wavu wa chuma unaowaacha wafike kwenye ukingo wa shira bila kutawanyika beseni zima. Linachukua lita 9. Unainua kifuniko, unamimina, unafunika. Nyuki hawasumbuki, nawe huhitaji hata moshi.

Zamani nililisha kwa chupa za lita 1 zilizotobolewa kifuniko na kupinduliwa. Kundi lenye nguvu lilikuwa linamaliza chupa kabla ya siku kwisha, basi kila jioni nafungua mizinga 4, kila jioni nawapotezea joto. Kwa kilishio hiki kundi langu kubwa lilimaliza lita 9 kwa siku 3.

Kasi hiyo ndiyo iliyonifanya nikipende. Nyuki wanaoanguliwa kuelekea baridi si sawa na wale wa kiangazi. Wa kiangazi huishi kama wiki 6 tu. Hawa wa baridi wana akiba ya mafuta mwilini na huishi miezi kadhaa, ndio wanaolibeba kundi mpaka maua yarudi. Shira ikiletwa kidogo kidogo hadi siku za baridi, unawachosha hao hao kwa kazi ya kuigeuza na kuikausha. Na joto likishuka chini ya nyuzi 10 hivi, hawaigusi tena. Hata waliyokwisha kuiweka kwenye masega hawawezi kuikausha vizuri wakaiziba kwa nta. Kulisha kunatakiwa kuishe mchana ukiwa bado una joto.

Sasa kasoro, maana zipo, na moja iliniumiza.

Asubuhi ya kwanza baada ya kulisha nilifungua mzinga wa pili nikakuta nyuki wanaelea kwenye shira, mamia yao, wengine wameshikana miguu. Wavu haukukaa sawasawa: kona moja ilikuwa imeinuka kiasi cha kupitisha ncha ya kidole, na wao wakapita hapo. Niliwaopoa kwa kijiko cha matundu nikawatandaza kwenye kitambaa kikavu juani. Usiharakishe kuwatupa nyuki wa namna hiyo. Baada ya muda mguu mmoja ulicheza, kisha mwingine. Niliwasogeza wote mbele ya mlango wa mzinga na wenzao wakatoka kuwaramba, bawa kwa bawa, mpaka wakaweza kutembea. Wengi walirudi ndani. Wengine hawakuamka.

Tangu siku hiyo nimefanya mambo 2. Nimebana wavu kwa vibanio pande zote, na nimekwaruza ukuta wa kupandia kwa msasa kisha nikaupaka nta iliyoyeyushwa, kwa sababu plastiki ile inateleza mno na nyuki aliyeshiba hana pa kushika. Msimu uliofuata nilihesabu waliokufa majini katika mizinga yote 4: hawakufika 20. Kazi hiyo ilipaswa kufanywa kiwandani.

Kasoro ya pili ilikuwa ya kilishio kimoja tu kati ya vile 4. Kilikuwa na ufa mwembamba kwenye kona, hauonekani kwa macho. Shira ikavuja usiku, ikapita kwenye fremu na kutokea mlangoni, na kulipokucha nyuki wa mizinga mingine walikuwa wamekuja kuiba. Aliyeona wizi wa nyuki anaujua: wanapigana wawili wawili wakibingirika kwenye ubao wa kutulia, na nyigu nao wamo. Niliupunguza mlango ukabaki wa kupitisha nyuki 2 kwa wakati mmoja, nikafunika sehemu ya mbele kwa shuka lililolowa maji, na jioni wakatulia. Muuzaji alinibadilishia bila ubishi. Hata hivyo, sasa kila kilishio nakijaza maji na kukiacha usiku kucha juu ya gazeti kabla hakijafika mzingani.

Shira yangu ni kilo 8 za sukari nyeupe kwa lita 4 za maji, inatoa karibu lita 9, yaani beseni 1. Nachemsha maji, natoa jikoni, ndipo natia sukari na kukoroga mpaka ionekane angavu. Sukari haipikwi, ikiungua inawadhuru. Sukari guru na ile ya kahawia siwapi kabisa, kwa kuwa wakiwa wamefungiwa ndani wiki nzima mabaki yake huwaharisha, na nyuki anayehara ndani ya mzinga ni balaa. Asali ya mtu nisiyemjua siipitishi hata mlangoni, kwa sababu ya vimelea vya ugonjwa wa kuoza majana, ambavyo hudumu miaka mingi.

Vyumba vya asali natoa vyote kabla ya kumimina tone la kwanza, sukari isije ikaingia kwenye asali ya watu. Dawa ya utitiri wa varoa nayo hutangulia, maana nyuki wa baridi aliyenyonywa na utitiri akiwa bado jana hafiki mbali, hata umlishe vipi. Mlangoni naweka kizuizi cha panya. Kisha napima uzito: naingiza ndoano ya mizani chini ya upande wa nyuma wa mzinga, nainua kidogo, nasoma, halafu upande wa pili, najumlisha. Fremu kubwa iliyojaa asali pande zote mbili ina karibu kilo 3, kwa hiyo nikijua uzito wa mzinga mtupu napata picha ya akiba yao bila kuwafungua.

Jambo ambalo maelezo ya kwenye boksi hayasemi: baridi ikianza, kitoe. Mwaka wa kwanza nilikiacha juu ya mzinga mmoja, nikidhani beseni tupu litakuwa kama dari la kuhifadhi joto. Nyuki wamejikusanya kama mpira, pumzi yao yenye unyevu inapanda, inakutana na plastiki baridi, inageuka matone na kuwadondokea. Nilipochungulia mwisho wa baridi, fremu za pembeni zilikuwa na ukungu na kundi limebaki dogo, la kujaza nafasi za fremu 3 tu. Nyuki mkavu huvumilia baridi kali. Aliyelowa hana nguvu hiyo. Siku hizi nikishamaliza kulisha natoa kilishio, naweka kifuniko cha ndani, na juu yake ubao mnene wa kuzuia joto lisitoke.

Kwa kundi dogo la fremu 4 au 5 sikishauri. Nafasi iliyo juu yao ni kubwa na baridi, hawapandi, shira inachacha. Hao wape chupa, iwe juu ya vichwa vyao. Wala hakisaidii katikati ya baridi mzinga ukionekana mwepesi. Wakati huo ni bonge la sukari laini lililowekwa juu ya fremu walipojikusanya, wafikie bila kuachana.

Mizinga yote 4 ilivuka baridi iliyopita. Naongeza vilishio 2 vya makundi niliyogawa mwaka huu, na msasa nimeshauweka tayari.