Baraza la kahawa Ngamiani na mkahawa wenye matawi
Barazani Ngamiani, Tanga, muuza kahawa humimina kutoka kwenye dele lililokaa juu ya makaa, nawe hupokea kikombe kidogo kisicho na mkono pamoja na kashata, kwa bei isiyomzuia mtu. Mkahawa wenye matawi, mfano wa Starbucks iliyoanzia Seattle mwaka 1971, hutoza mara kadhaa ya bei hiyo kwa sababu kinachouzwa hasa ni nafasi: kiti, kiyoyozi, intaneti, soketi ya kuchajia simu na ruhusa ya kukaa saa tatu bila kuulizwa wewe ni mtoto wa nani. Barazani utaulizwa, tena kabla kahawa haijapoa. Kwa mazungumzo nachagua baraza. Kwa kazi ya kompyuta, mvua ya masika ikinyesha, ningelipa ziada hiyo bila kunung'unika.