Ufunguzi wa Ajabu wa Chesi: Usilipie Kozi Kabla Hujaona Hii

Haya wadau wa chesi, karibuni tena! Niko Kisumu, joto limepanda, hiyo sauti ya nyuma ni feni na sitaizima. Leo tunachambua kichunguzi cha ufunguzi kilicho ndani ya Lichess, tovuti ya kuchezea chesi. Kinakuonyesha hatua za kwanza za mchezo ambazo watu hucheza na matokeo yake. Lichess yenyewe sielezi zaidi, wengi wenu mnachezea huko. Ni bure, haina matangazo, inaendeshwa kwa michango. Tusonge.

Fungua ubao wa uchambuzi, bonyeza alama ya kitabu. Unapata mechi za magwiji, mechi za wachezaji wa Lichess, au za mchezaji mmoja unayemtafuta kwa jina. Wengi hukwama kwa magwiji. Jamani, utamu hauko huko! Nenda kwa wachezaji wa Lichess, kisha ingia mipangilio uchague kiwango, yaani pointi za uwezo wa mchezaji. Tuchague 1000 mpaka 1400, mechi za blitzi, zile za haraka za dakika chache. Yaani watu unaokutana nao kila jioni.

Sasa weka ubao wako karibu tucheze gambiti ya Englund. Mweupe anasukuma d4. Mweusi anajibu e5, anamtoa askari sadaka. Mweupe anakula. Farasi c6, farasi f3, malkia e7. Mweupe anataka kumlinda askari wake wa e5, analeta askofu f4. Malkia b4, cheki! Askofu anarudi d2 kuziba. Malkia anakula b2.

Simamisha video hapo. Wewe ndiye mweupe, na ngome yako ya a1 inatishwa. Mkono unakuwasha kufanya nini? Askofu c3, si ndiyo? Unamtisha malkia, unaificha ngome, mambo yote kwa hatua moja. Ngoja sasa! Mweusi anaweka askofu b4. Askofu wako wa c3 amebanwa, akitoka tu mfalme yuko wazi. Unaleta malkia d2 kumsaidia. Mweusi anakula c3, unakula kwa malkia, na malkia mweusi anashuka c1. Chekimeti, hatua ya nane!

Angalieni zile baa za nyeupe, kijivu na nyeusi (mweupe kushinda, sare, mweusi kushinda) jinsi zinavyobadilika kila mkisogeza kete. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Sasa ondoa wachezaji wa 1000 mpaka 1400, acha wa 2200 na 2500 peke yao. Rudi pale malkia alipokula b2. Hatua sahihi ni farasi c3. Mwache mweusi abane farasi kwa askofu b4, wewe sogeza ngome b1, na huyo malkia ataanza kukimbizwa ubao mzima huku kete zake nyingine zimelala nyumbani. Ufunguzi ni uleule, lakini kwa kiwango kimoja ni silaha na kwa kingine ni mzigo. Kozi nyingine za video zinazouzwa kwa dola zinakuonyesha ile chekimeti tu. Farasi c3 hawagusii! Na kuna programu moja, siitaji, ilinikatiza katikati ya uchambuzi ikidai nilipie. Sikulipa, bei yake ni bando la wiki nzima na chenji inabaki.

Msinielewe vibaya, ufunguzi wa ajabu si wa watoto tu. Mwaka 1980 kule Skara, Uswidi, Mwingereza Tony Miles alimjibu Karpov, bingwa wa dunia wakati huo, kwa a6 halafu b5. Akamshinda! Mechi za magwiji humu zinaanzia 1952, kwa hivyo usimtafute gwiji wa zamani Tartakower akicheza b4 New York mwaka 1924, ule ufunguzi alioupa jina la orangutani baada ya kutembelea bustani ya wanyama.

Kinachoniudhi? Kichunguzi kinakupa asilimia, hakikupi sababu. Lazima uwashe Stockfish, ile kompyuta ya kupima hatua, pembeni. Zile stadi, yaani masomo ambayo watu huandika humo Lichess, nazo zipime, kwa sababu yeyote anaweza kuandika, na nyingine zimelipuliwa. Halafu kinataka intaneti. Ukienda ocha Siaya mtandao ukipotea, utacheza na kompyuta ya programu na kufanya mafumbo, lakini kichunguzi hakifunguki. Kwa aliyevuka pointi 1800, naona hata kitabu kizuri cha kulipia kina nafasi yake, maana huko unahitaji mtu akueleze mipango ya katikati ya mchezo. Ukiwa chini ya hapo, weka pesa yako mfukoni.

La chaneli: Jumamosi usiku tuko moja kwa moja, mimi dhidi yenu, na nyinyi ndio mtanichagulia ufunguzi. Andika hapo chini g4, ufunguzi wa Grob, au b4, ule wa orangutani. Anayeandika g4 aniambie pia ngome yangu ya h1 nitailinda vipi, kwa sababu askofu akishatoka g2 kona hiyo inavuja sana.